Ng'ombe Wanane Waliokufa kwa Maneno

Masunga Mboje wa Shishiyu, wilayani Maswa, si mchoyo. Hilo lisemwe mapema, maana yatakayofuata yanaweza kumfanya mtu amdhanie hivyo. Ukifika kwake na njaa yako atakumegea ugali mpaka yeye abaki analamba mboga. Ukilisifia shati lake, jihadhari, utaondoka nalo. Mwaka mmoja alimpa jirani mbegu yake ya mwisho ya mpunga, kisha yeye na mkewe Milembe wakazunguka kijiji kizima kuomba mbegu. Lakini ng'ombe? Ng'ombe ni habari nyingine. Mwombe ng'ombe, uone uso unavyobadilika. Ataanza kukohoa, na ghafla atakumbuka kuna mtu anamsubiri mahali.

Wanane aliokuwa nao miaka mitano iliyopita walikuwa wa marehemu baba yake. Kwa desturi ya huku, baba akifa mifugo hukaa chini ya mtoto mkubwa wa kiume, ila kukaa chini yake si kuwa mali yake peke yake. Mdogo akitaka kuoa, mahari hutoka katika zizi hilohilo, na mkubwa hana budi kufungua mlango. Masunga aliijua desturi hiyo kama anavyolijua jina lake. Yeye mwenyewe alioa kwayo. Tatizo ni kwamba tangu baba afariki alikuwa amewachunga, amewaogesha dawa ya kupe, amewazalisha kwa mikono yake na kuwapa majina, mpaka kichwani mwake wakawa watoto wa kuzaa.

Mdogo wake anaitwa Selestini. Walipishana miaka kumi na sita, na ni Masunga aliyemlipia ada ya shule mpaka akamaliza, kisha akampeleka Bariadi mjini kujifunza ujenzi. Siku aliyokuja Shishiyu na habari za mchumba, Selestini alikuwa amevaa suruali iliyopigwa pasi na viatu vyenye vumbi la safari. Binti aliitwa Lucy, mtu wa Kiloleli kule Busega, na wazazi wake walitaja ng'ombe saba.

"Kaka, nakutegemea wewe," alisema, na akakaa chini kwa raha zake kama mtu ambaye kazi yake imekwisha.

Saba kati ya wanane. Masunga alikohoa.

Hakusema hapana. Laiti angesema hapana, pangekuwa na ugomvi wa siku mbili, mashangazi wangeitwa, yangekwisha. Alisema, "Tuvute subira, mdogo wangu, kiangazi hiki ni kikali, ngoja kwanza niwapeleke malishoni Meatu wapate afya." Kupeleka ng'ombe malishoni mbali wakati wa kiangazi ni jambo la kawaida, hakuna aliyelitilia shaka. Akawaswaga wanane wote mpaka Lingeka, kulekule Meatu, kwa rafiki yake Kasmiri, waliyewahi kubeba naye marobota ya pamba kiwandani enzi za ujana, akamweleza siri yote. Baada ya siku kumi akarudi Shishiyu kwa miguu, peke yake, kamba nane zikining'inia begani.

"Ugonjwa wa ndigana," alimwambia Milembe. "Wamekwisha wote."

Milembe aliketi chini palepale mlangoni akalia. Majirani wakaja. Selestini akatoka Bariadi na mfuko wa mchele na sukari, kama mtu anayekwenda msibani, akamkuta kaka yake ameinamia kamba zile, machozi yanamchuruzika. Na machozi yale, msomaji, hayakuwa ya kuigiza. Masunga alikuwa amewakosa ng'ombe wake siku nne tu na tayari alikuwa anawalilia. Ndiyo maana uongo ule ulikubalika kirahisi hivyo.

Selestini hakutaja mahari tena. Alipiga simu Kiloleli, akaeleza kwamba kaka yake amepatwa na msiba mkubwa, akaomba muda. Wazazi wa Lucy walisubiri mwaka mmoja. Walikuwa watu wastaarabu, lakini mwaka ni mwaka, na binti yao hakuwa mahindi ya kuwekwa ghalani. Lucy akaolewa na mtu mwingine.

Njia ya mwongo ni fupi, husema watu, lakini ya Masunga ilikuwa ndefu na ya kuchosha mgongo. Bila maksai hakuna plau. Yeye na Milembe walirudia jembe la mkono, wakalima pamba na mahindi kwa kuinama, na kila mvua za kwanza Selestini aliacha kazi zake za ujenzi Bariadi, akaja wiki mbili kulima na kaka yake aliyefilisika. Alilima kwa nguvu, haongei sana, na jioni alimkanda kaka yake mgongo kwa maji ya moto. Masunga alikuwa akilala kifudifudi, anakandwa, anajisikia kama mwizi aliyekaribishwa chakula na mwenye nyumba. Mara kadhaa alifungua mdomo. Ikawa anakohoa tu.

Na kila kiangazi aliaga kwamba anakwenda Meatu kutafuta dawa ya mgongo. Alikwenda Lingeka kuwaona ng'ombe. Walikuwa wameongezeka, sasa ni kumi na wanne. Kasmiri aliwatunza vizuri mno, na alikuwa na sababu zake. Alikuwa mjane aliyetaka kuoa tena, na baba wa mwanamke aliyemtaka, Flora, alikuja kuangalia zizi kabla ya kutoa neno. Alihesabu ng'ombe, akauliza, "Wote hawa wako?" Kasmiri akajibu, "Wa nani tena, mzee?" Ndoa ikafungwa. Kwa hiyo ng'ombe walewale walimfanya mtu mmoja aonekane maskini kule Shishiyu na mwingine aonekane tajiri huku Lingeka, nao wenyewe wanakula nyasi bila habari.

Mwaka huu mgongo wa Masunga ulikataa. Aliamua kuwarudisha kidogokidogo, wawili wawili, na kusema amenunua. Alipomweleza Kasmiri, Kasmiri alitazama pembeni.

"Ngoja mwakani. Baba mkwe anakuja sikukuu."

"Uliniambia hivyohivyo nilipogusia mwaka juzi."

Maneno yalipanda, wakafika pale ambapo marafiki wa miaka thelathini hawapaswi kufika. Ndipo Kasmiri alipolitoa alilokuwa nalo moyoni.

"Ng'ombe gani unaodai, Masunga? Wako walikufa. Kaulize Shishiyu nzima."

Masunga alikwenda mahakama ya mwanzo kulekule Meatu, akafungua shauri. Aliona ni mbali vya kutosha na nyumbani. Milembe aliambiwa ni dawa ya mgongo tena. Hesabu zake zilikuwa rahisi: ataapa, ataeleza kwamba aliwekesha ng'ombe kwa rafiki kwa ajili ya malisho, atataja alama na rangi ya kila mmoja, hakimu ataamuru warudishwe, na Selestini hatasikia kitu. Alichoogopa kupoteza hakikuwa ng'ombe tu. Kulikuwa na mtu mmoja duniani aliyekuwa akimkanda mgongo bila kuulizwa, na huyo ndiye hakutakiwa kujua.

Hakimu aliitwa Harieth, mwenyeji wa Bukoba, mwaka wake wa tatu Simiyu. Alikuwa mwanamke mpole wa sauti na mkali wa kalamu. Alimsikiliza Masunga mpaka mwisho, akauliza swali moja tu.

"Mdai, malisho ya kiangazi kimoja yamechukuaje miaka mitano?"

Masunga alikohoa. Hakimu aliandika kitu, na Masunga akatamani sana kujua ameandika nini.

Siku ya utetezi, Kasmiri alisema ana shahidi mmoja. Mlango ukafunguliwa, akaingia Selestini, hati ya wito mkononi, suruali imepigwa pasi. Alipomwona kaka yake uso ulimchangamka, akainama kidogo.

"Mwangaluka, kaka," alimsalimia kwa Kisukuma, akinong'ona akipita. "Mbona hukuniambia una kesi? Ningekuja mapema nikusaidie."

Masunga alitazama hati ile ya wito.

Selestini aliapa. Alieleza kwa sauti ya wazi, jinsi mtu anavyoeleza jambo asilo na shaka nalo. "Kaka yangu alikuwa na ng'ombe wanane wa marehemu baba. Walikufa wote kwa ndigana wakiwa malishoni. Alirudi na kamba. Nilimwona akilia, Mheshimiwa. Sijawahi kumwona kaka akilia, hata siku tuliyomzika baba."

Kasmiri aliketi, ametulia, mikono magotini. Nyuma yake alikuwa Flora, mkewe, mtandio kichwani, anatazama sakafu.

"Mdai," alisema hakimu, "una maswali kwa shahidi?"

Hapo Masunga alikuwa na njia moja rahisi sana. Angesema, "Sina swali." Shauri lingekufa, ng'ombe wangebaki Lingeka, na Selestini angerudi Bariadi akimpenda kama alivyokuja. Ng'ombe kumi na wanne ni bei kubwa, lakini katika dakika ile, mtu yule asiyeweza kutoa hata ndama alikuwa tayari kuwatoa wote. Alifungua mdomo kulisema neno hilo.

Hakimu hakumpa nafasi. Alikuwa amegeukia shahidi.

"Kabla hujashuka. Kaka yako ameiambia mahakama hii, kwa kiapo, kwamba ng'ombe hao wako hai. Wewe, kwa kiapo, unasema walikufa. Mmoja wenu hasemi kweli. Unafahamu kwamba kusema uongo chini ya kiapo ni kosa la jinai?"

Selestini alimtazama kaka yake. Alimtazama kwa muda, kama anasoma barua ya lugha asiyoijua vizuri. Kisha akamgeukia hakimu.

"Mheshimiwa, kaka yangu si mwongo. Amenilea. Kama amesema wako hai, basi mimi ndiye sikuelewa. Andika kwamba nimekosea."

Kalamu ya hakimu iligusa karatasi.

"Usiandike," alisema Masunga.

Alikuwa amesimama bila kujua. Alisema mambo yote kwa mpigo mmoja, kuanzia mchumba wa Kiloleli, mpaka ng'ombe saba, mpaka kamba nane alizozifungua mwenyewe shingoni mwa ng'ombe wazima. Hakukohoa hata mara moja. Alisema kwamba alifanya hivyo ili asitoe mahari ya mdogo wake, kwamba hakuna mtu aliyemshauri, na kwamba shahidi amesema kweli yote aliyoonyeshwa. "Mwongo ni mimi, Mheshimiwa. Huyu mwandike vizuri."

Selestini alishuka kizimbani bila kuambiwa ashuke. Alikwenda kukaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango.

Hakimu alimgeukia Kasmiri, na kwa sauti ileile ya upole akamuuliza maswali matatu. La kwanza Kasmiri alilizunguka. La pili alilijibu nusu. La tatu lilikuwa hili: "Baba wa mkeo alipokuja kuhesabu ng'ombe, alihesabu wa nani?" Kasmiri alitazama nyuma alipokaa Flora, kisha akatazama vidole vyake.

"Wa Masunga," alisema.

Baada ya mapumziko ya saa moja hukumu ilisomwa. Hakimu Harieth alianza kwa lugha ya ofisini, vifungu na namba, halafu akaziweka karatasi chini na kuwaeleza kama wanavyoelezwa watu.

"Mdai, ng'ombe uliwatoa kwako ili kumdhulumu ndugu yako. Mdaiwa, wewe uliwapokea ukijua, ukawatumia kumlaghai mkwe wako. Mpango ni mmoja, wa hila, nanyi mliingia wote kwa hiari. Mahakama haimshiki mkono mtu anayejenga dai lake juu ya ubaya wake mwenyewe. Na wanapokuwa wawili, kosa lao likiwa sawa, mahakama hairudi nyuma kuwagawia. Shauri linatupwa. Ng'ombe watabaki walipo."

Kasmiri aliinua kichwa.

"Usifurahi, mdaiwa. Sijasema ni wako. Nimesema sina mkono wa kukunyang'anya kwa niaba ya huyu. Wewe nawe ungekuja hapa kumdai yeye, ningekufukuza vilevile. Ila yupo mtu wa tatu katika habari hii ambaye mikono yake ni safi, na mlango wa mahakama haujafungwa kwake. Akija na shauri lake, nitamsikiliza."

Nje jua lilikuwa kali na watu wakasimama kwenye kivuli cha ukuta kwa sababu hapakuwa na kivuli kingine. Flora ndiye aliyesema kwanza, na alisema kwa Kisukuma kidogo na Kiswahili kingi ili wote waelewe.

"Mimi nilijua tangu wiki ya kwanza," alimwambia mumewe. "Unawaita ng'ombe, hawageuki. Akija huyu rafiki yako, wanamkimbilia mpaka uzio unataka kuvunjika. Ulidhani mimi nimeolewa sina macho?"

"Na hukusema?" Kasmiri aliuliza.

"Nilikuwa nimeshakupenda, baba. Ningesema ili iweje? Lakini wa watu warudi kwa watu. Na baba yangu utamweleza wewe, mimi sitakuwepo."

Kasmiri akamwendea Selestini, si Masunga, akasimama mbele yake kama mtoto aliyevunja chungu.

"Njoo uwachukue," alisema. "Wote, pamoja na ndama. Hakimu hakunikataza kutoa. Usinipeleke tena mle ndani, mdogo wangu."

"Nitakuja," Selestini alisema. "Si leo. Leo nina mgonjwa wa mgongo wa kurudisha nyumbani."

Lilikuwa neno la utani, na Flora alitabasamu kidogo, lakini Masunga hakuthubutu. Aliufahamu utani wa mdogo wake, na huu haukuwa na joto ndani.

Walikwenda kituo cha mabasi wakiwa wameachana hatua mbili. Basi la Maswa lilikuwa bado. Selestini alinunua chai mbili na chapati nne kwa mama aliyekuwa na jiko pembeni, akaweka sahani katikati ya benchi. Walikula. Masunga alisubiri matusi, akiimega chapati vipande vidogovidogo.

"Hakimu yule ni mzuri," Selestini alisema mwishowe. "Anaeleza mpaka mtu unaelewa. Lakini kuna mahali amekosea."

"Wapi?"

"Amesema kosa lenu ni sawa. Si sawa, kaka. Kasmiri alimdanganya mzee ambaye hata hakumjua vizuri. Wewe ulinidanganya mimi."

Masunga aliweka kikombe chini. Hilo hakimu hakulisema, wala halikuwamo kwenye karatasi, na lilikuwa kweli tupu. Alitaka kusema habari za Lucy, akaona hastahili kulitaja jina hilo. Alitaka kuomba msamaha, akaona neno lenyewe ni dogo mno kwa miaka mitano ya kukandwa mgongo. Alilia tu, hadharani, kwenye kituo cha mabasi, mzee wa miaka hamsini na saba, na safari hii hakuwa akimlilia ng'ombe hata mmoja.

Selestini alimwacha alie mpaka alipotosheka. Hakumshika bega wala hakusogea mbali. Mama wa chai alijifanya anachochea moto.

"Ungeniambia hutaki kutoa," Selestini alisema, "ningekasirika, tungegombana, ningetafuta njia nyingine. Nina mikono. Ningefyatua tofali usiku na mchana. Lucy angenisubiri kama ningekuwa natafuta. Mimi nilikaa kimya kwa sababu nilidhani kaka yangu ameumia kuliko mimi."

"Nifanye nini sasa?"

Basi lilionekana kwa mbali likitimua vumbi. Selestini alisimama, akakung'uta makombo ya chapati kwenye suruali yake, akachukua mfuko wa kaka yake pamoja na wake, akaining'iniza yote begani.

"Milembe naye alilia," alisema. "Amelima kwa mkono misimu mitano, viganja vyake umeviona. Tukifika nyumbani utamwambia kama ulivyomwambia hakimu. Mimi nitakaa pembeni yako, usiogope. Lakini kusema utasema mwenyewe."